Maji Niliyompa Bwana Chupa

Bomba la uani kwangu lilianza kukohoa mwezi mmoja baada ya sisi kumzika Shoga. Na sisemi lilikohoa kama mtu. Lilikohoa kama Shoga. Kila binadamu ana kikohozi chake. Chake yeye kilikuwa viwili vifupi na kimoja kirefu chenye mluzi mwishoni, halafu "ah!" ya kulalamika, kana kwamba wewe ndiye uliyemkohoza. Tuliishi ukuta kwa ukuta miaka thelathini. Kikohozi kile nilikijua kuliko mkoromo wa marehemu mume wangu, na mume wangu alikoroma mpaka paka akahama.

Maji mtaani kwetu huja mara tatu kwa wiki, alfajiri: Jumatatu, Alhamisi na Jumamosi. Hukaa kitambo, halafu huondoka bila kuaga. Majirani wasio na bomba huja kukinga kwangu. Siku hiyo niliweka dumu langu, nikafungua koki. Kwanza ukatoka upepo, kama kawaida. Halafu viwili vifupi. Halafu kimoja kirefu, na mluzi wake. Halafu, na umri huu sina faida ya kusema uongo, "ah!" Ndipo maji yakaja.

Niligeuka nyuma kuona kama kuna aliyesikia. Foleni nzima ilikuwa inapiga miayo.

"Hewa hiyo imejaa kwenye mabomba," akasema fundi viatu, aliyekuwa nyuma yangu. "Bomba lako linataka fundi."

"Linataka dawa ya kifua," nikamjibu.

Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Mimi ni mwepesi wa kucheka. Mtu anayecheka haulizwi amesikia nini.

Kwa mazoea tu nikahesabu madumu yaliyopangwa ukutani. Yalikuwa saba. Nikahesabu watu. Walikuwa sita.

Sasa nieleze kwa nini Shoga aje kwangu na si kwa mwingine.

Miaka kumi na moja iliyopita watu wa ofisi ya maji walipita mtaani wakichagua mabomba ya kuchukulia maji ya kupima. Wakalipenda langu. Wakachora ukutani kwa rangi nyeupe: Kituo Namba Tisa. Mimi niliyeishia darasa la saba nikawa kituo cha serikali. Tangu siku hiyo watoto wa mtaa wakaniita Mama Kituo, nami nikaitika.

Mpimaji mwenyewe alikuja Jumanne ya kwanza, saa nne asubuhi, na kisanduku cha barafu begani. Mtu mnene, mpole, mwenye kuhema akipanda ngazi mbili. Humo kisandukuni mlikuwa na chupa ndogo za kioo, zimefunikwa karatasi vichwani kama maharusi. Akafungua koki yangu. Ikatoka hewa. Akafunga, akafungua tena, akaiangalia kama mtu aliyetukanwa.

"Maji ni Jumatatu, shemeji," nikamwambia. Alikuwa amemfahamu mume wangu, kwa hiyo tulikuwa mashemeji. "Leo Jumanne."

"Ratiba ya kupima ni Jumanne."

"Na aliyepanga maji na aliyepanga kupima hawasalimiani?"

Akacheka mpaka akakaa kwenye kigoda changu. Kigoda nacho kikalia. Kisha akasema, "Huna hata kidogo ulichokinga jana? Maji ni yale yale." Akaninyooshea chupa, naye akabaki pale pale kivulini akijifuta jasho.

Nikaingia ndani na chupa yake. Ndani kulikuwa na maji ya namna mbili. Kulikuwa na pipa, maji kama yalivyotoka bombani, yana vumbi la kutu chini na siku nyingine kaharufu ambako hakapendi kutajwa. Na kulikuwa na mtungi. Maji ya mtungini nilikuwa nimeyachemsha mpaka yakatokota, nikayachuja kwa kitambaa cheupe, nikayaacha yapoe. Marehemu mume wangu alikuwa mfagiaji wa hospitali, aliona mengi yakipita kwenye ndoo, akaapa hatakunywa maji yasiyopita motoni. Alipofariki nikaendelea kuchemsha, kwa sababu mkono ulikuwa umezoea.

Haya, wewe msomaji. Mgeni amekaa uani kwako, mtu wa ofisi, mwenye kofia. Ameomba maji, na maji hayo anayapeleka mjini yakaangaliwe na watu wenye miwani. Utamchotea pipani?

Nilichota mtungini. Sikuwaza mara mbili. Hata nilisuuza chupa kwanza, na baadaye nikajua kwamba hilo nalo ni kosa.

Bwana Chupa, ndivyo nilivyombatiza, akachukua maji kidogo pembeni, akayatia tone la dawa. Akasema yakiwa na klorini ya ofisi yatageuka ya waridi. Hayakugeuka. Akaandika. Mahali palipoandikwa "yamechukuliwa wapi" akaandika "bombani". Tukaongea habari za magoti yetu, akaenda zake.

Ijumaa yake kwenye ubao wa matangazo, nje ya ofisi ya kata, kikabandikwa kikaratasi: Kituo Namba Tisa, salama kwa kunywa. Nilikwenda kukitazama mara tatu. Mara ya tatu nilivaa viatu vya kutokea.

Tukaenda hivyo Jumanne kwa Jumanne, miaka kumi na moja. Ningesema nilidanganya, lakini moyoni sikuona uongo. Niliona ukarimu. Kila mwenye nyumba huficha vyombo vilivyovunjika mgeni akija.

Shoga ndiye aliyekuwa msomaji wa mtaa. Alipenda kusoma ubao kwa sauti, akitoka sokoni, kama anayesoma habari redioni. Zamani alikuwa anachemsha maji kwa sababu mimi nilichemsha. Kisha siku moja akaja uani kwangu, mikono kiunoni.

"Shoga, huu mwaka wa ngapi tunasomwa salama? Na mimi bado nachoma mkaa kuchemsha maji yaliyokwisha kupimwa na watu wenye shahada! Naacha."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Ilikuwa sentensi moja tu: maji wanayopima si haya. Lakini kusema hivyo ni kusema kwamba Mama Kituo ni kituo cha mtungi. Ulimi wangu una tabia yake. Ukibanwa na jambo la kweli, hutoa utani. Nikamwambia:

"Basi kunywa, shoga yangu. Kunywa unenepe!"

Akacheka, akanipiga kofi la bega. Akanywa miaka minne.

Msimu wa mvua uliopita tumbo lilimshika Jumapili. Jumatano hakuwa na sauti. Alhamisi alfajiri, maji yakiwa yanatoka, binti yake alinijia kwenye foleni miguu mitupu na sikuhitaji kuambiwa. Zahanati nesi aliuliza, "Maji mnayokunywa?" Akaangalia orodha iliyobandikwa mlangoni. "Mtaa wenu maji ni salama. Alikula nini?" Na binti, mshonaji wa watu, mtoto niliyemfunga nepi kwa mikono hii, akasema: "Nyama. Niliyomletea mimi Jumamosi."

Nesi akaandika nyama. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo, nimeshika mkoba wa marehemu.

Kwa hiyo kikohozi kilipoanza, sikujiuliza amefuata nini.

Alhamisi ya pili kilikuja tena. Jumamosi nikajaribu ujanja, nikamwachia fundi viatu afungue. Bomba likatoa upepo wa kawaida, maji yakaja kimya. Ilipofika zamu yangu yakakatika, likakohoa, "ah!", yakarudi. Nikawa naweka dumu nikiimba kwa sauti ili nisisikie. Majirani wakasema bibi amechangamka.

Kisha zikaja nyayo. Jumanne moja asubuhi nilikuta nyayo za maji kwenye sakafu ya chumba changu, za mguu mpana, kidole gumba kimetengana na wenzake. Zilianzia kwenye pipa. Zilikwenda mpaka kwenye mtungi, zikasimama hapo, visigino pamoja, kama mtu anayeangalia kitu. Hazikurudi. Nikazipiga deki. Nilipogeuka kukamua tambara zilikuwa zimeloa tena.

Bwana Chupa alipobisha nilimjazia chupa yake kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikataa.

Na Alhamisi iliyofuata bomba halikuishia kwenye "ah". Foleni ilikuwa bado haijafika, nilikuwa peke yangu na dumu. Likakohoa vyake vitatu, likavuta pumzi, na kutoka ndani kabisa ya bomba, mbali, kwa ile sauti yake ya kutaka kuchekesha, likaniuliza:

"Shoga, nimenenepa?"

Angelia ningevumilia. Angenilaani ningemjibu, maana kulaaniana tulijua. Lakini alikuwa anatania. Nilifunga koki, nikakaa chini kwenye tope, na siku hiyo niliwaambia majirani maji hayakuja.

Binti alihamia nyumba ya mama yake mwezi wa tatu baada ya msiba, yeye, cherehani yake, na mwanawe wa miezi tisa ambaye sote tulimwita Kibonge. Alistahili jina. Mikono yake ilikuwa na mikunjo kama soksi iliyoteremka. Mume wake alikuwa dereva wa magari ya mbali, mwenye kuonekana kwa msimu. Kwa hiyo tukabaki ukuta kwa ukuta tena, mimi na damu ya Shoga.

"Chemsha maji ya mtoto," nikamwambia siku ya kwanza, kabla hata ya karibu.

"Kwa nini, mama mdogo? Ubao si unasema salama?"

"Ubao haunyonyeshi."

Akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu mwenye kazi nyingi. "Mama alikuwa hachemshi. Alikunywa maji haya miaka yote na hayakumfanya kitu. Kilichomuua tunakijua." Akainama kwenye cherehani akakanyaga kwa nguvu, na mazungumzo yakaisha kwa kelele ya sindano.

Tangu msiba alikuwa hali nyama. Hapiki, hainunui, akipita bucha anavuka barabara. Nilikuwa nimeyaona yote hayo na nilikuwa nimeyacheka, "umekuwa mbuzi sasa, mwanangu, majani tu", kwa sababu nilichokuwa nacho mdomoni ni kicheko tu.

Kibonge aliharisha mara ya kwanza akapona. Mara ya pili akapona, lakini mikunjo ya mikono ikapungua. Nikaanza kupeleka jagi la maji ya mtungini kila asubuhi. "Nimekuletea ya baridi, mtungi wangu unapooza vizuri." Akapokea kwa adabu. Lakini jagi moja halimtoshi mtoto na uji wake na kikombe chake, na jioni nilimwona akichota kwenye dumu.

Mara ya tatu ilikuwa Jumatatu. Jumanne asubuhi nilisikia ukuta wa pili kimya, cherehani haikanyagwi, nikaenda. Kibonge alikuwa amelala kwenye kanga ya bibi yake, macho yameingia ndani, hana machozi hata anapolia. Binti alikuwa ametoka zahanati. Alikuwa amepewa pakiti za dawa ya kuharisha, zile za unga wa kuchanganya na maji, na alikuwa anasoma maelezo kwa sauti, kama mama yake.

"Changanya na lita moja ya maji safi na salama," akasoma. Akachukua kopo. Akalizamisha kwenye dumu.

Nilimkamata mkono. "Ngoja. Nikuletee ya kwangu."

"Mama mdogo, mtoto anakauka! Maji ni maji!"

"Dakika moja. Usimpe. Niapie hutampa."

Aliniangalia kama anayeangalia mzee aliyeanza kuchanganyikiwa. Hakuapa. Nikatoka mbio, kama hiyo ya kwangu mtu anaweza kuiita mbio, na uani nikamkuta Bwana Chupa ameshakaa kwenye kigoda.

"Shemeji! Leo nimekuja na habari." Alikuwa anang'aa. "Ofisi inachimba mabomba mabovu, inaweka mapya. Wameanza na mitaa yenye matokeo mabaya. Ninyi ni wa mwisho kabisa kwenye orodha! Miaka kumi na moja bila kijidudu hata kimoja! Mkemia wetu mwenyewe anashangaa. Anasema maji hayana klorini hata chembe, na bado hayana mdudu. Anasema hajawahi kuona maji kama haya."

"Wa mwisho maana yake lini?"

"Labda miaka sita. Saba." Akaninyooshea chupa. "Jaza, niwahi Kituo Namba Kumi."

Niliingia ndani na chupa. Chumba kilikuwa na baridi ambayo haikuwa ya saa nne asubuhi. Sikuziona nyayo. Nilimsikia tu Shoga, nyuma ya sikio langu la kushoto, akihema kama alivyokuwa akihema akisubiri zamu yake, na pumzi yake ilinukia pipa. Sikugeuka. Kwanza nikajaza jagi, mtungini. Halafu nikashika chupa, nikafunua pipa, nikachota.

Nilitoka nikampa Bwana Chupa chupa yake. Akainyanyua kwenye mwanga. Chini kulikuwa kunacheza vumbi la kahawia.

"Hii imekuwaje?"

"Hiyo ndiyo ya bombani, shemeji. Nyingine zote zilikuwa za mtungini. Nilizichemsha."

Akacheka. Alicheka peke yake, akaona hivyo, akaacha.

"Zote?"

"Ulikuwa mgeni wangu."

Sijawahi kuona mtu mnene akipungua mbele ya macho. Akaweka chupa kwenye goti. "Mimi nimeandika bombani," akasema. "Mara mia tano na zaidi nimeandika bombani na kutia sahihi. Shemeji, nimebakiza miezi miwili nistaafu. Miezi miwili tu! Nipe ya mtungi leo. Nikishaondoka, atakayekuja mwambie. Mwambie lolote."

"Ukuta wa pili kuna mtoto mgonjwa."

"Watoto wapo kila mahali," akasema, na palepale akaona aibu, akavua kofia.

Ningemwacha na chupa, angeimwaga kwenye kona, na nisingemlaumu. Mimi nilikuwa nimemwaga makubwa zaidi. Kwa hiyo nikaichukua chupa kutoka kwenye goti lake, nikaiweka chini ya kwapa, jagi mkononi, nikaingia kwa binti.

Kopo lilikuwa tayari limechanganywa. Kijiko kilikuwa njiani.

Sikukimbilia kijiko. Nilisema. Niliona kwamba nikimnyang'anya tena atanisukuma, na haki yake. Nilisema nikiwa nimesimama mlangoni, haraka, bila utani hata mmoja, na nilijisikia kama mtu anayetembea bila fimbo. Nilisema maji yanayopimwa si ya bombani. Nilisema mimi ndiye niliyechota mtungini kwa sababu nilimwonea mgeni haya. Nilisema mama yake aliacha kuchemsha kwa ajili ya ubao, na ubao ni mimi, na siku aliyoacha nilimwambia anywe anenepe.

Kijiko kilikuwa bado hewani. Akakirudisha kwenye kopo polepole.

"Zahanati ulikuwepo," akasema. "Nesi alipoandika nyama, ulikuwa umesimama kushoto kwangu."

"Nilikuwepo."

"Nimepita nje ya bucha ile miezi sita nikitaka kutapika."

"Najua. Nilikuwa nakuona."

Hakupiga kelele. Alimwaga kopo kwenye ndoo ya maji machafu, akachukua jagi kutoka mkononi mwangu bila vidole vyake kugusa vyangu, akafungua pakiti nyingine, akachanganya. Akamlisha Kibonge kijiko kimoja, akahesabu kimoyomoyo, akampa kingine. Mimi nilibaki mlangoni nimeshika chupa. Huenda ilikuwa nusu saa. Mtoto alipoanza kufuata kijiko kwa macho, binti akambeba mgongoni, akafunga fundo kifuani.

"Twende," akasema. Na kwa Bwana Chupa, aliyekuwa bado uani na kofia mkononi: "Na wewe. Inuka."

Maabara ya ofisi ya maji iko ghorofa ya pili, na ina harufu ya sabuni na vitu vilivyochemka. Mkemia alikuwa mwanamke mwenye miwani myembamba, kijana kuliko nilivyomtegemea. Bwana Chupa ndiye aliyeanza kusema, nami nilikuwa nimejiandaa kumsikia akisema alidanganywa. Alisema, "Mimi ndiye niliyekaa kwenye kigoda." Kisha akashindwa kuendelea, nikamalizia.

Mkemia alichukua chupa, akatia tone lake la dawa. Hayakugeuka ya waridi. Akasema matokeo ya vijidudu huchukua siku moja, turudi kesho, na mpaka hapo mtaa mzima uchemshe. Kesho yake akatuonyesha kisahani kama kifuniko cha kopo. Kilikuwa kimejaa nukta, zimebanana, zimesongamana, mpaka hakukuwa na nafasi ya kuweka kidole. Akasema pale nukta moja tu ingetosha kuwafanya wafunge laini.

"Ndizo zilizomuua mama yangu?" binti akauliza.

Mkemia akavua miwani. "Siwezi kukuambia hilo. Ya wakati ule hayakupimwa."

"Nyama je?"

"Hilo nalo siwezi."

Binti akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa kitu kizito kuliko alichokuwa akitegemea. Kibonge mgongoni alikuwa anavuta nywele zake, tena kwa nguvu, na hiyo ndiyo habari njema pekee niliyokuja nayo mjini.

Njiani kurudi tulifika kona ya mtaa. Hapo akasimama.

"Ofisi watabandika karatasi," akasema. "Watu watasoma kwamba maji yameharibika. Watadhani yameharibika wiki hii."

"Ndiyo."

"Sitaki wadhani hivyo. Kesho alfajiri, kwenye foleni, utasema."

"Mwanangu, watanitoa roho."

"Utasema, mama mdogo. Ulivyoniambia mimi. Bila kuchekesha."

Basi nikasema. Alhamisi alfajiri walikuja wote na madumu, kwa sababu hata maji mabaya yanaosha vyombo. Niliwaacha wajaze kwanza. Kisha nikapanda kwenye kigoda, kwa kuwa mimi ni mfupi, na nikawaambia: mtungi, pipa, Jumanne, miaka kumi na moja. Binti alisimama kando yangu na mtoto, akiniangalia mdomoni.

Nilitegemea matusi. Nilikuwa nimeyaandalia hata majibu. Nimeishi na watu hawa, najua nani atatukana vipi. Hakuna aliyetukana. Fundi viatu aliinamisha dumu lake, akamwaga. Mwingine akamwaga. Maji yakateremka uani yakapita kwenye miguu yangu, ya baridi, mengi, na hakuna aliyeinua mguu.

Kisha fundi viatu akasema, kwa sauti ya mtu anayeulizia njia, "Mke wangu alianza tumbo mwaka ule wa mafuriko. Ilikuwa ndani ya miaka hiyo?"

"Ilikuwa ndani."

"Kwa hiyo ni maji?"

Nilimwangalia binti. Hakunisaidia.

"Sijui," nikamwambia.

Akakubali kwa kichwa, akakaa kwenye dumu lake tupu, asiondoke. Nyuma yake muuza mboga akasogea, akiwa ameshika mfuniko wa dumu kwa mikono miwili.

"Mama Kituo, yule mwanangu wa pili, aliyekufa hana hata meno. Unamkumbuka? Wewe ulimwogesha."

"Namkumbuka."

"Ilikuwa mwaka gani ulipoanza?"

Nikamwambia mwaka. Akahesabu kwa vidole, midomo ikitikisika, na mimi nikasimama juu ya kigoda nikisubiri amalize, na nyuma yake nikaona kwamba foleni haikuwa inatawanyika. Ilikuwa inajipanga. Kila mmoja alikuwa na mtu wake wa kuulizia.